Nukta Tatu za Onyo

Nisameheni, lakini aibu hii nikikaa nayo peke yangu itaniua. Mwezi jana niliandika kitabu cha maelezo ya kompyuta ya mizani ya miwa, kwenye kiwanda chetu nje ya Kisumu. Wenzangu walitaka kiandikwe kwa programu ya sekretari. Nikacheka: hiyo ni ya kuandikia kadi za harusi! Mimi nilichagua mtindo wa alama, ambamo mstari ukianza kwa nukta kompyuta huuchukua kama amri ya kupanga ukurasa, wala haiuchapishi. Nilijiona profesa.

Kisha nikafika kwenye onyo kubwa: nakili rekodi za wiki kwenye diski kabla ya kuzifuta. Ili msomaji ashtuke, nikalitanguliza kwa nukta tatu. Nililisoma kwenye skrini, nikaridhika. Karatasi zilizochapwa sikuzitazama.

Jumatatu Mama Adhiambo, karani wa mizani, alifuta rekodi zote bila kuzinakili. Wakulima wakajaa getini wakiuliza miwa yao imeenda wapi.

"Mimi nilifuata kitabu," alimwambia meneja.

"Hukukisoma!" nikamfokea. "Onyo liko hapo hapo!"

Meneja akamwambia Mama Adhiambo arudishe funguo za ofisi ya mizani, halafu akanisukumia kitabu. "Hebu tusomee hilo onyo, Bwana Otieno."

Nikafungua. Hatua ya tatu, halafu ya nne: futa. Katikati hapakuwa na kitu. Ndipo nilipozikumbuka nukta zangu.

"Tunakusikiliza," meneja akasema.

Mama Adhiambo akaweka funguo mezani, polepole, karibu na mkono wangu.