Trekta la Yuditha mbele ya helikopta

Saa tisa mchana, Yuditha Semboja anasogeza trekta hadi mbele ya helikopta, karibu kabisa na pangaboi lake, anazima injini na kutia ufunguo kifuani. Ndani ya helikopta mwanafunzi wa urubani, Loishiye, anafungua mkanda taratibu.

“Leo haruki mtu,” anasema Yuditha. “Huu upepo unatulia, halafu unapiga kibao ghafla. Mwalimu mwenyewe unamtoa jasho, sembuse mtoto wa watu aliyeanza juzi.”

Hasemi ya kuambiwa. Kampuni binafsi iliponunua shamba hili la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, mwaka 1995, ilianza kufundisha marubani wa kunyunyizia dawa mashambani. Yuditha, dereva wa trekta tangu shamba likiwa la serikali, alikuwa mwanafunzi wa kwanza.

Mchana mmoja wa kiangazi, akijaribu kutua Handeni, upepo uliibirua helikopta. Alitoka na mkono uliovunjika. Kampuni ikasema ni uzembe wake, ikamrudisha kwenye trekta.

Kiangazi kilichofuata, mchana wa upepo kama ule, alianguka aliyekuwa mwanafunzi mwenzake, Mdoe. Yeye hakutoka. Msibani wakubwa wa kampuni walisimama na miwani yao ya jua wakasema ni mapenzi ya Mungu.

“Mungu ndiye aliyepanga tujifunze saa tisa?” anauliza Yuditha. “Asubuhi hewa imetulia, helikopta iko kwa wateja wanaolipa. Mwanafunzi anapewa mchana. Anapewa makombo.”

Ndiyo biashara huria inayosifiwa kila siku redioni. Inatia kichefuchefu.

Meneja anafika akihema. “Mama Semboja, ondoa trekta. Unacheza na kazi yako.”

“Najua, bosi. Niandikie barua. Ufunguo utaupata jua likizama.”

Barua ya kuachishwa kazi ameipata jioni ileile. Loishiye hakuruka, lakini kesho mchana zamu ni yake tena.

Yuditha hana mpango wa kukata rufaa. Alfajiri anapanda basi la Handeni, kisha bodaboda hadi Kwedizinga, kwa wazazi wa kijana huyo.

“Nitawaambia wamzuie mpaka apewe asubuhi. Halafu nitakwenda kwa mzazi wa kila mwanafunzi,” anasema. “Kwa mama yake Mdoe nilichelewa.”