Swali la Thelathini

Kijitabu cha maswali ya usaili kilitolewa kopi kwenye duka la steshenari pale Iringo, kikabanwa pini ovyo, ukurasa wa nne ukitangulia wa kwanza. Harakati zote za kudai uhuru zilikuwa humo, zimekatwakatwa A, B, C na D kama nyama ya buchani. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amekikariri pamoja na makosa yake ya chapa. Alimaliza chuo cha ualimu miaka sita iliyopita, tangu hapo anauza mitumba Kabasa, na sasa alikuwa ameitwa Musoma kwenye usaili wa kuandika wa ajira za ualimu. Familia ikaamua mimi nimnoe, kwa kuwa nina shahada ya historia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuikumbuka shahada hiyo.

Nilianza kwa mbwembwe: nikampeleka Butiama akaione historia. Tukawakuta wasailiwa wenzake wameligeuzia kisogo kaburi la mwasisi wa taifa, wanaimba, "La kumi, C! La kumi na moja, A!" Mpwa wangu akajiunga nao. Mimi nikaenda kununua soda.

Tukarudi Guta kwa mama yangu, nimenuna. Huko ndiko nilikofika swali la thelathini: wanawake walichangia nini katika kudai uhuru? A, kupika. B, kuimba. C, kushangilia. D, yote hayo.

"D," alisema mpwa wangu, hata sijamaliza kusoma.

"Upuuzi mtupu! Bibi yako huyu alibeba kadi za chama chini ya tenga la furu wakavu, kijiji hadi kijiji, na polisi hawakuligusa kwa ile harufu ya samaki. Kadi ziko wapi hapo?"

"Mjomba, wewe ulisoma ili ujue. Mimi nasoma ili niajiriwe."

Mama akacheka, akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, weka D. Kupika tulikuwaga tunapika kweli. Hao wanaume wa uhuru walikuwa wanakula!"

Siku ya usaili swali lilikuja vilevile, neno kwa neno. Majina ya walioajiriwa yalipotoka, lake lilikuwamo. Akamletea bibi yake kitenge.

"Waliuliza habari zangu?"

"Waliuliza, Bibi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema mlipika."

Mama alikunja kitenge, akakikunjua tena. "Na furu?"

"Hapakuwa na pa kuandika, Bibi."

Akanitazama mimi, msomi wa familia. Nikainuka kwenda jikoni kutafuta chumvi, ilhali chakula chenyewe kilikuwa bado hakijaiva.