Siku Nilipoosha Kibuyu cha Susu

Naandika hii nikiwa bado naona haya, na wale mlikuwa Mitaboni siku hiyo tafadhali msinikumbushe, najikumbusha vya kutosha.

Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa na kitete, kibuyu cha kugandisha maziwa, alichopewa na mama yake alipoolewa. Sabuni haikuwahi kukigusa. Alikuwa anasugua ndani na mkaa, anabakisha maziwa kidogo chini, anaongeza mengine juu, basi. Na tangu tumbo lianze kumsumbua, chai anatapika, uji anatapika, lakini maziwa ya kitete anakunywa na analala vizuri.

Sasa mimi na ndoto zangu (kichwani nilikuwa nishafungua kiwanda, picha yangu iko kwa pakiti) nikajitolea kupeleka hayo maziwa siku ya wakulima pale Mitaboni. Lakini kitete kilikuwa cheusi, kinanuka moshi, nikawaza wageni watasema nini juu ya kwetu. Susu akiwa kanisani nikamwaga yaliyokuwa ndani kwa jagi (aliyamaliza jioni hiyo, hakujua ni ya mwisho), nikaosha na sabuni, nikaona haitoshi, nikaweka ile dawa ya kutoa madoa kwa nguo nyeupe, nikasuuza nikijipongeza, nikajaza maziwa yaliyochemshwa, nikafunga siku tatu.

Siku ikafika. Afisa wa mifugo akaeleza kwamba ndani ya maziwa ya kugandisha kuna bakteria wazuri, wanakula sukari ya maziwa na kutoa asidi inayofukuza wale wabaya, wengine wanatengeneza vitamini, ndiyo maana tumbo dhaifu linayakubali. Na kwa kibuyu cha zamani, akasema, wanaishi kwa ukuta wake miaka na miaka.

Nikakumbuka sabuni na ile dawa ya madoa. Ningesema hapo hapo, lakini vikombe vilikuwa vishapangwa mbele ya watu wote, kwa hivyo nikamimina. Yakatoka maji ya kijani na mabonge, na harufu ikafika hadi viti vya nyuma.

"Mwende," mama mmoja wa kwaya akaniuliza, "hii ni maziwa ama ni maji ya kupiga deki?"

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, mpaka nikamwona Susu amesimama na fimbo yake. Akaomba kitete, akanusa mdomo wa hicho kibuyu kwa muda mrefu.

"Ulibakisha kidogo mahali?"

Nikatikisa kichwa. Akaketi.

Nilienda hadi Kola kuomba mbegu ya maziwa, yaani maziwa kidogo ya kuanzishia mengine, kwa watu wenye kibuyu chao, nikagandisha, yakatoka mazito, meupe, mazuri kabisa. Susu akaonja, akanishukuru vile mtu hushukuru akiwa mgeni.

"Ni tamu, mwanangu. Lakini hii ni ya watu wengine."

Siku hizi kitu cha mzee kikiwa cheusi naweka mikono nyuma, nauliza kwanza. Na Susu bado anakunywa nusu kikombe cha hayo ya Kola kila asubuhi nikiwa nimesimama hapo. Nikitoka, anakiweka chini, na nusu iliyobaki haigusi.