Bangili ya Mturituri

Bangili ile nilimfunga binti yangu mimi mwenyewe. Mama mkwe aliileta kutoka Kaloleni: mbegu za mturituri, nyekundu zenye doa jeusi. Alikuwa ameziloweka siku mbili zilainike ndipo sindano ipite, kama walivyofanya kwao tangu utoto wake. Nafundisha baiolojia hapa Malindi na sumu ya mbegu hizo naijua, lakini nilijiambia ganda ni gumu, hata ikimezwa hutoka nzima. Tundu la sindano sikuliwaza. Ujinga mtupu.

Jumamosi asubuhi uzi ukakatika. Nikamkuta mtoto, miaka minne, anatafuna. Nilimtoa mbegu mbili mdomoni, nikaokota zilizotawanyika sakafuni. Tatu sikuziona.

Hospitalini daktari alitueleza, mimi na mama mkwe, kwa upole kwamba dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Wangempa mkaa wa kunywa na maji ya mshipani, kisha tusubiri, maana dalili huweza kuchelewa hata siku nzima. Mtoto alikuwa anacheka, na kicheko chake kilinitia wazimu.

Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikamkagua ulimi, nikatoka nje, nikarudi tena. Nilitamani kumlaumu mama mkwe, ila fundo nililifunga mimi. Alipouliza sumu yenyewe hufanya nini, nilimwaga somo zima huku natembea. Ndani ya kila seli mna vitu vidogo mno, ribosomu, vinavyotunga protini kama mtu atungavyo shanga. Sumu huingia, hunyofoa kipande kidogo cha ribosomu moja, kisha nyingine, kisha nyingine, na kutunga kunakoma. Bila protini mpya seli hufa. Utumbo ndio huanza.

"Na wewe waweza kuizuia?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi kaa, mwanangu. Mpakate."

Nilikaa kidogo, nikainuka tena. Akampakata yeye.

Jioni mtoto alianza kutapika, akatapika na kuhara hadi siku ya pili. Siku ya nne akaomba viazi karai, nami nikalia mbele ya wauguzi bila haya.

Sasa yuko darasa la pili. Juzi nilimuuliza anakumbuka nini cha hospitali. Akasema bibi alimpakata, akamwimbia, akamfuta jasho. Nikauliza, na mimi je?

Akafikiri kidogo. "Wewe hukuwepo, mama."