Chakula cha Zimwi

Jenereta ya jirani ikiwaka, harufu ya dizeli hunirudisha kwenye uwanja wa soko la Tawa, jioni ile gari la sinema lilipotuonyesha zimwi la manyoya likinyemelea boma la watu. Watoto tulipiga mayowe. Susu, nyanya yangu, akanifunika kwa leso yake.

"Mnalipigia kelele ya nini? Angalia hizo mbavu. Hilo lina njaa tu."

Nyumbani nilikataa kulala, nikihofia limetufuata. Susu akachukua sahani yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ambayo hakuwa ameigusa, akaiweka nje ya mlango.

"Likija litakula, liende zake."

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa. Nililala fofofo. Asubuhi sahani ilikuwa tupu.

"Limeshiba," Susu akaniambia, huku akikaza leso tumboni.