Mahali pa Kulaza Kenta ya Baba

Kilichotuondoa nyumbani Kigera ni maneno ya mtendaji wa mtaa, na aliyasema kwa upole kiasi kwamba nilishindwa hata kumkasirikia. Alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akaniambia, "Mama Neema, halmashauri imekaza. Gari halilali tena pembeni mwa barabara. Na mtu kulala ndani ya gari, hilo nalo ni kosa peke yake." Akaitazama kenta ya baba yangu, lori dogo lililoegeshwa kando ya mtaro, akaongeza, "Mzee wetu tunampenda. Ila bango limeshawekwa."

Baba alibeba pamba kwa gari maisha yake yote, na karibu maisha hayo yote alilala humo humo, kwenye kiti cha mbele, miguu ikigusa mlango. Mama yangu alipofariki nilimleta kwangu nikamtandikia chumba chenye dirisha la upande wa ziwa. Usingizi haukumfuata. Alikuwa akijilaza mpaka taa zizimwe, kisha anatoka taratibu na blanketi lake, anapanda kenta, na humo analala kama mtoto aliyeshiba. Mtendaji alipopita na sheria yake, baba alitii. Wiki nzima alikaa kitandani macho makavu. Chai ikamshinda, mikono ikaanza kutetemeka, na siku moja akaniuliza marehemu mama yangu ameenda sokoni tangu saa ngapi.

Hapo niliogopa. Kwangu hakuna ua wa kuingiza gari. Nyumba imebanwa na majirani pande zote. Tukakubaliana tuitafutie kenta mahali inaporuhusiwa kulala, yeye akiwa ndani yake. Tungejaribu kwanza Bunda, kwenye uwanja wa malori alioujua tangu enzi zake, na ikishindikana twende Butiama kwa dada yake. Nilikubali huku moyo ukigoma, maana mahali hapo pakipatikana, ndipo baba atakapobaki. Nilitaka alale, na nilitaka abaki kwangu, na sikuona vyote viwili vitakutana wapi.

Asubuhi na mapema tuliondoka. Niliendesha mimi, kwa sababu mtu asiyelala hapewi usukani, na kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha gari hilo hilo nikiwa msichana, akinipigia kelele kila nilipokosea gia. Hatukufika mbali. Ukungu ulikuwa umefunika ziwa, mawe makubwa ya Musoma yakionekana nusu na nusu yakiwa hayapo, na sauti za wanawake waliokuwa wakianika dagaa zilitufikia bila wenyewe kuonekana.

"Mama, simama kidogo," baba akasema. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, Nyamisi.

Nikaegesha ufukweni. Kabla sijazima injini vizuri, alikuwa ameshalala. Nilikaa nikimsikiliza anavyopumua, nikahisi gari linaelea, kana kwamba ukungu umetunyanyua kidogo kutoka ardhini. Sijui tulikaa muda gani. Nilishtuliwa na mgambo akigonga kioo kwa ukucha.

"Mama, hapa hairuhusiwi kulala ndani ya gari."

"Si ni asubuhi?"

"Bango halikutajaga saa," akasema. "Limesema kulala." Akachungulia, akamwona baba. Kisha akanionyesha kibanda cha mama ntilie. "Mimi nakunywa chai pale. Nikimaliza nisiwakute."

Nakwambia, sijapata kuona mtu akinywa chai polepole vile. Alipuliza kikombe mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, na alipofika kwenye masalia nikawasha gari.

Kutoka Makutano kwenda Bunda niliendesha kwa mwendo wa harusi. Baba alikuwa bado amelala, na niliogopa kwamba gari likisimama naye ataamka. Mabasi yalitupita yakinipigia honi, dereva mmoja akatoa mkono nje kuniuliza nina shida gani. Sikuwa na shida. Mashamba ya pamba yalipita yakiwa meupe, vilima vikaja na kuondoka, ng'ombe wakavuka barabara wakitutazama kwa makini kama watu wanaotufahamu. Jua lilikuwa limepiga kioo na kila kitu mbele yangu kilicheza kama kipo chini ya maji. Nikawaza kwamba ningeweza kuendelea hivi hivi, kupita Bunda, kupita Mwanza, baba akiwa amelala pembeni yangu na hakuna anayetuuliza tunalala wapi.

Mchana tulifika Bunda, tukaulizia uwanja wa malori mpaka tukaelekezwa Kabasa. Baba alikuwa ameamka na uso wake umechangamka. Aliniambia hapa walipanga malori mpaka kule, hapa fulani alipika ugali, hapa wenzake walilala chini ya turubai juu ya marobota ya pamba, na harufu yake hata mkioga haitoki. Siku hizi uwanja umezungushiwa ukuta, na getini yuko msichana mwenye kizibao cha kung'aa na mashine ya risiti. Alitupokea vizuri, akabonyeza mashine, karatasi ikatoka.

"Basi nitalala humu," baba akamwambia, akipiga mlango wa kenta.

"Hapana, baba. Hii risiti ni ya gari. Ya mtu sina."

Baba alicheka mpaka akashika tumbo. "Binti yangu, sisi tulilalaga hapa kabla wewe hujazaliwa."

"Nasikiaga, baba. Baba yangu naye alikuwaga utingo, alilala hapa hapa." Alisema kwa heshima, bila haraka. "Ila watu waliwasha majiko chini ya malori. Sasa jioni nafunga geti, ndani hatakiwi kubaki mtu. Nikikuacha wewe, kesho nitamkatazaje mwingine?"

Tukaiacha kenta humo. Tulilala nyumba ya wageni jirani na ukuta ule. Nasema tulilala kwa mazoea tu. Kulipokucha nilimkuta ameketi kitandani na viatu vyake vimefungwa kamba, shuka halijakunjuliwa, macho yametazama dirishani upande wa uwanja. "Mke wangu hajarudi sokoni?" akauliza, kisha akajisikia alichosema, akainamisha kichwa. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari.

Adhuhuri tuliingia Butiama, baba akiwa amelala tangu tulipoiacha lami ya Bunda. Shangazi Nyangi, dada yake, anaishi pembeni mwa mji. Ua wake ni mpana, nyumba zimeuzunguka na katikati kuna zizi. Nikajisemea mwenyewe, hapa hata malori kumi yatalala. Nikamweleza shida yetu kabla sijakaa.

Shangazi akaweka chini ungo wake. "Kaka yangu alale garini, uani kwangu? Jumapili kanisani nitapita wapi? Watasema Nyangi kamnyima kaka yake kitanda."

"Lakini huku hakuna bango, shangazi," nikasema kwa utani.

"Bango ni mimi," akajibu, wala hakutania.

Alimtandikia chumba cha mbele, kitanda chenye mashuka mapya na kitambaa cha kufuma juu ya mto. Baba alikitazama kitanda kile akabaki mlangoni. Nami nilichoka ghafla. Tulikuwa tumekatazwa ufukweni, tumekatazwa mjini, na sasa tulikuwa tumekatazwa na mapenzi, ambayo hayana hata ofisi ya kwenda kuombea kibali.

Jioni ng'ombe walirudi na vumbi lao likawa la dhahabu uani kote. Baba alisimama kwenye mlango wa zizi akiwatazama wakiingia mmoja mmoja. Kibanda cha mlinzi kilichokuwa pale kilikuwa kimeinama upande mmoja.

"Hapa analala nani?" akauliza.

"Hakuna," shangazi akasema. "Mwanangu ndiye aliyelalaga hapo. Ameenda kuchimba dhahabu Buhemba. Mimi usiku nasikiliza tu na hofu yangu."

"Basi nitalala mimi. Mama, leta kenta hapa mlangoni."

Nilimtazama shangazi nikingoja mvua ya maneno. Yeye akaingia ndani, akatoka na tochi na fimbo, akampa. "Hiyo sawa," akasema. "Mlinzi wa zizi halalagi ndani, kila mtu anajua. Mgeni ndiye tunayemlaza ndani. Wewe kama unalinda ng'ombe zetu, si mgeni." Kitanda kile cha kitambaa nikakilalia mimi.

Kulipopambazuka nilimpelekea chai. Umande ulikuwa umefunika kioo cha kenta, ng'ombe wakipumua moshi mweupe, na ndani ya gari baba amejikunja, fimbo kifuani, mdomo wazi, anakoroma. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Nililia kidogo, kwa furaha, na kwa wivu pia, sitaficha.

Nilikaa kwao siku kadhaa. Mikono yake iliacha kutetemeka, akajua tabia ya kila ng'ombe, na alipomtaja mama yangu alisema marehemu. Sikumwomba turudi. Nilipanda basi peke yangu, na tulipokaribia Musoma ziwa lilikuwa limetulia na rangi ya maziwa, nikalitazama bila kuliona. Safari ile ilinifunza kwamba sheria nyingi za maegesho, za mji na za nyumba, zinauliza swali moja tu: wewe hapa ni nani? Baba alipata jibu lake zizini, kwa fimbo na tochi. Kwangu nilikuwa nimempa kila kitu kasoro kazi ya kumfanya awe wa pale.

Baadaye alikuja kututembelea Kigera. Alikuja na basi, begi dogo mkononi, na kando ya mtaro hapakuegeshwa kitu. Usiku aliingia chumbani kwake, akalala mpaka asubuhi, jambo nililoliomba kwa Mungu tangu alipohamia kwangu. Nilimkuta ameshatandika, mashuka yamenyooshwa pembe kwa pembe.

"Nimelala vizuri, mama," akaniambia. "Asante kwa kunipokea. Ngoja niwahi, ng'ombe hawana mtu."

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Kwa muda wote alioishi kwangu, baba hakuwahi kunishukuru kwa kulala, kama wageni wanavyofanya.