Doa la Manjano kwenye Sari ya Bi Monowara

Kuna watu wanadhani kazi ya pasi ni kunyoosha nguo tu. Shauri yao. Mimi Jobbar, mwaka wa kumi na tisa huu nachochea pasi ya mkaa chini ya ngazi za Jengo la Tatu hapa kwenye majengo ya Kunjochhaya, mtaa wa Mirpur, jijini Dhaka, na nakuambia nguo zina mdomo kuliko wenyewe. Najua mume gani amehamia kulala sebuleni. Najua nani ana mimba kabla mama mkwe hajashtuka. Na sisemi, ndiyo maana kibanda changu bado kipo.

Kwa hiyo habari ya Mzee Mofizul wa nyumba 5C niliijua kabla ya mtu yeyote. Sikutaka kuijua. Wallahi sikutaka.

Mzee huyu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, miaka thelathini na mbili anasaka makosa ya herufi, mpaka macho yakachoka akastaafu. Lakini ule ugonjwa wa kusahihisha haukustaafu. Tangazo la kamati ya wapangaji likibandikwa ubaoni leo, kesho utalikuta limejaa kalamu nyekundu. Katibu wetu, Bwana Ehtesham, ambaye huyaandika matangazo hayo kwa mkono wake na kuyagonga muhuri, alikuwa anafura kwa hasira. "Huyu mzee ananifanya mtoto wa darasa la pili!" Siku moja Mzee Mofizul akamjibu palepale langoni, mbele za watu, "Hapana, Katibu. Wa darasa la pili angeandika vizuri." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, maana Katibu hakukisahau kile kicheko.

Mkewe alikuwa Bi Monowara. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa na mdomo, mama yule! Nguo zake alizishusha kwa kikapu na kamba kutoka roshani ya ghorofa ya tano, na jengo zima likasikia: "Wee Jobbar! Ukiniunguzia sari nitakuunguza masharubu!" Sari zake za pamba nilizijua hata nikifumba macho. Ile ncha inayopita begani alifungia funguo zake, na akipika alijifutia mikono humohumo, kama wanawake wetu wote. Basi ncha hiyo ilinifikia kila mara ina mikunjo ya fundo na doa la manjano ya mchuzi, doa lisiloogopa sabuni.

Msimu wa mvua alikwenda Jamalpur kwa dada yake. Wiki ya pili mzee akapigiwa simu, akaondoka mbio hata mlango hakuufunga vizuri. Baada ya siku kumi akarudi peke yake. Mlinzi akamwuliza, "Bi mkubwa je?" Akasema, "Anakuja." Wiki iliyofuata akasema ameshafika, ila goti linamsumbua, hawezi ngazi. Na kweli, ukitazama juu, sari imeanikwa roshani.

Kuanzia hapo nguo alizileta mwenyewe kila Jumamosi. Mashati mawili, suruali, na sari moja. Wiki hii ya kijani, wiki ijayo ya bluu, kisha ya kijani tena. Jumamosi ya tatu niliitandaza ile ya kijani mezani, nikafika kwenye ncha. Hakuna mkunjo wa fundo. Doa la manjano limepauka. Wiki mbili baadaye limepauka zaidi, na jipya halikuja. Mwanamke gani anapika mwezi mzima asijifute mkono? Nilisimama hapo na pasi yangu mpaka nikasikia harufu ya kitambaa cha meza kinaungua. Hapo nikaelewa.

Utasema, mke akifa mume analia, watu wanakuja, basi. Afiche ya nini? Kanuni ya tisa ubaoni inasema hivi: kapera hapangi Kunjochhaya, mwanamume asiye na familia ahame ndani ya siku saba. Na usidhani ni sisi tu. Zunguka Mirpur yote, kila lango utaulizwa "Una familia?" kabla hujataja jina lako. Mwaka juzi wanafunzi watatu wa Jengo la Pili walidai dada yao yuko njiani anakuja kukaa nao. Kamati ilipogundua hakuna dada wala nini, magodoro yao yalirushwa kutoka ghorofa ya nne mchana kweupe. Watu walisimama wakatazama, na mimi nikiwamo.

Sasa mzee wa miaka sitini na moja aende wapi? Kwenye vyumba vya makapera nyuma ya soko, vitanda sita chumba kimoja, choo kimoja ghorofa nzima. Na Mzee Mofizul ana sukari. Anajidunga sindano, dawa yake hukaa kwenye friji, na macho ndiyo hayo. Kule angemaliza mwaka? Thubutu.

Nikanyamaza. Nilipokea sari, nikaipiga pasi, nikamwambia, "Msalimie Bi mkubwa." Naye akajibu, "Zimefika," bila kunitazama. Tulikwenda hivyo miezi mitano, kila Jumamosi yeye na lile furushi lake.

Jumatatu moja Katibu akaja kibandani mikono mitupu.

"Jobbar, Ijumaa baada ya swala tunaandikisha wapangaji upya. Kila mtu wa nyumba aje na uso wake." Akaegemea meza yangu. "Mke wa 5C umemwona lini?"

"Sari zake zinakuja kila Jumamosi, bwana mkubwa."

"Sijakuuliza sari."

"Mimi watu nawaona kwa nguo zao, bwana."

"Aha. Na hiki kibanda chako kiko chini ya kanuni ya ngapi, unajua?"

"Sijui, bwana."

"Hakiko chini ya kanuni yoyote. Kipo kwa sababu mimi bado sijakiona."

Akaenda zake. Siku ile niliunguza mashati mawili.

Alasiri nikapanda 5C. Sisi wa kazi lifti haturuhusiwi, kwa hiyo nilifika juu nahema. Mlango ukafunguka kidogo, mnyororo bado umeshika, jicho moja likanichungulia nyuma ya miwani minene.

"Nguo hazijawa tayari, najua," mzee akasema. "Unataka nini?"

"Mjomba, fungua. Mimi najua."

"Unajua nini?"

"Doa la manjano limeisha kwenye sari."

Akatoa mnyororo. Ndani mezani kulikuwa na sahani mbili, vikombe viwili. Akaketi, akavua miwani.

"Nilimkuta bado ananijua," akasema kwa sauti ya chini sana. "Akaniuliza kama nimefunga gesi. Asubuhi yake akafa. Tukamzika Jumatano. Alhamisi nilikaa kaburini, shemeji zangu wanasema, mwacheni, anamwombea mkewe. Sikuwa namwombea, Jobbar. Nilikuwa nahesabu siku saba za Ehtesham."

"Inna lillahi, mjomba."

"Polepole! Ukuta huu mwembamba." Akageuka kuutazama ukuta. "Hata kulia sijalia. Jirani akisikia atakuja kuuliza kuna nini."

"Ijumaa utawaambiaje?"

"Nitasema anaumwa."

"Watapanda kumwona."

"Basi watapanda," akasema, na kikombe alichokishika kikawa kinagonga sahani, tik tik tik, mpaka nikamwondolea mkononi. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima anaogopa namna ile, na hofu ile nikashuka nayo.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kila Alhamisi Bi Lutfa, mke wa Katibu, huja mwenyewe kuchukua nguo zake. Nikawaza, yeye ndiye atakayemwambia mumewe, basi na aone kwa macho yake. Nikachota unga wa manjano jikoni kwa mke wangu, nikafika kibandani mapema, nikaipaka ile ncha ya sari ya kijani, nikaisugua kwa kidole gumba, nikaikunja doa likiwa juu, nikaiweka mahali ambapo hata asiyetaka angeiona. Nikajiona mjanja wa Dhaka nzima.

Bi Lutfa akaja. Macho yakatua pale pale.

"Hii si ya 5C?"

"Ndiyo, mama, ya Bi Monowara! Unaona mambo ya jikoni hayo? Kila wiki nahangaika na doa lake, halitoki, na ukimwambia anakutukana!" Nilikuwa nasema kama niliyemeza redio.

Bi Lutfa akaweka kidole juu ya doa, akasugua taratibu, akakitazama. Kidole kilikuwa na unga.

"Jobbar," akasema, "sari imefuliwa, imekauka, imepigwa pasi. Doa linaachaje unga?"

Akajifuta kidole kwenye ncha ya sari yake mwenyewe, akanitazama tena, akapanda juu bila kuchukua nguo zake. Miaka kumi na tisa nashika sari za watu halafu sijui doa la kweli linavyokuwa! Punda mimi. Kama ningeiacha ile ncha ilivyo, nani angeishughulikia?

Ijumaa chumba cha mikutano kilijaa. Baba, mama, bibi, watoto, kila nyumba ikasimama mbele ya meza ikahesabiwa vichwa. "5C!" Mzee Mofizul akasimama peke yake, amevaa shati nililompigia pasi mimi.

"Mkeo?" Katibu akauliza.

"Anaumwa."

"Pole yake. Twende tukamjulie hali."

Hakuna aliyecheka. Katibu na wenzake wawili wa kamati wakaingia kwenye lifti na mzee katikati yao, na Bi Lutfa akajibana nyuma. Mimi nikakimbilia ngazi, sijui nakwenda kufanya nini, miguu tu ilikwenda. Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Walikuwa wamesimama wote mbele ya zile sahani mbili.

"Mwite," Katibu akasema.

Mzee akafungua mdomo, na kwa jinsi alivyogeukia jikoni nilidhani anamwita kweli. Kisha akasema, "Amekufa. Mwezi wa saba, Jamalpur. Miezi saba sasa."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Walisema wote kwa pamoja, na wa kwanza kusema alikuwa Katibu mwenyewe. Mikono ikainuka, dua ikasomwa. Na mzee, alipoiona ile mikono imeinuliwa kwa ajili ya mkewe, akapiga ukelele mmoja akaanguka kwenye kiti akalia, kwa sauti, kamasi na machozi, milango ya jirani ikawa inafunguka mmoja baada ya mwingine. Katibu akamletea maji. Sitamsingizia, alimnywesha kwa mkono wake.

Kilio kilipopungua, Katibu akasafisha koo.

"Ndugu yangu, kanuni ni kanuni. Lakini sisi si wanyama. Nina uwezo wa kukuongezea muda. Nakupa miezi mitatu."

"Halafu?" mzee akauliza.

"Halafu oa."

"Shemeji yangu ana dada," akadakia mmoja wa kamati. "Mjane, mtulivu, hana watoto. Anapika samaki huyo!"

"Sikiliza," Katibu akasema, akampa fomu. "Nyumba itabaki yako. Pale kwenye jina la mke nitapaacha wazi. Utajaza baadaye."

Ningeweza kurukaruka kwa furaha. Nikamwinamia sikioni. "Kubali, mjomba! Sema ndiyo tu. Miezi mitatu ni mingi, tutajua la kufanya."

Mzee akaisogeza ile karatasi karibu kabisa na macho. Jina la Monowara Khatun lilikuwa limepigwa chapa hapo, na Katibu ameshalikata kwa mstari mmoja wa kalamu. Akalitazama.

"Miezi saba nimeficha kwamba amekufa," akasema. "Sasa mnataka nifiche kwamba aliishi."

"Hakuna aliyesema hivyo, mzee," Bi Lutfa akasema.

"Mjomba, fikiria sindano zako!" Sikujali tena nani ananisikia. "Utakwenda wapi na dawa za friji? Utakufa kule!"

Akanishika mkono. Wake ulikuwa umetulia. Akamrudishia Katibu karatasi.

"Nipe siku zangu saba."

Katibu akatoa kalamu mfukoni, akauliza polepole kama aanze kuhesabu leo au kesho.

"Leo nina matanga," mzee akasema. "Anzia kesho."